Kadi ya Kwanza Ilikuwa Tupu

Mtu akinitajia yule Mshauri, na jinsi eti alivyotuletea mfumo wa kisasa pale ofisini, huwa naweka kikombe chini kwanza nisije nikamwagia wageni chai. Mfumo ule haukuja kwa ndege. Uliandikwa mtaani Shauri Moyo, hapa Nairobi, kwa penseli, juu ya meza yenye mguu mfupi uliowekewa kipande cha ndara, na jirani yangu ambaye mtaa mzima ulimwita Programa.

Alizaliwa wapi na ukoo wake ni upi, msiniulize. Watu wa pwani walidai ni wao kwa sababu ya kofia yake na Kiswahili chake, naye hakukataa wala hakukubali. Mimi nilimjua kwa ukuta mmoja uliotutenganisha nyumbani na mlango mmoja uliotutenganisha kazini. Najua alichokula, kilichomchekesha, na alichoibiwa. Hayo yananitosha.

Tulifanya kazi kule viwandani, kwenye ofisi iliyokuwa na kompyuta kubwa kama kabati tatu zilizosimama pamoja, ndani ya chumba baridi hata Januari. Viwanda visivyokuwa na mashine vilituletea kazi zao. Programa alikuwa mwandishi wa programu, mimi mtoboaji wa kadi. Yeye anaandika mstari kwenye karatasi, mimi naupiga kwenye kadi ya manila, mashine inasoma matundu. Mstari mmoja, kadi moja. Programu ndefu ilijaa sanduku zima, na ole wako ukiliangusha.

Hakuwa mtu wa salamu. Wewe umwambie shikamoo, yeye akuitikie marahaba kisha palepale akuulize, "Nani anakungoja?" Alimwuliza hivyo kila mtu: muuza mitumba aliyekuwa akikimbilia soko la Gikomba, mtoto aliyetumwa mafuta ya taa, hata mkurugenzi wetu. Wengi walidhani ni utani wa kizee. Yeye alitaka jibu. Ukisema hakuna anayekungoja, alikutazama kwa huruma kabisa, akakwambia basi kaa unywe chai. Ukisema mama anangoja unga, alikufukuza mlangoni kwake kama kuku.

Vijana wa kona walikuwa wakimtania, "Sasa, Programa, nani anakungoja wewe?" Hakuwajibu hata siku moja.

Penseli ilikaa juu ya sikio hata msikitini. Chai aliipenda ya rangi, chungu, yenye tangawizi ya kuwasha koo. Karatasi pana za mashine, zile zenye mistari ya kijani, alizibeba nyumbani zikishatupwa, akaandika nyuma yake baada ya sala ya alfajiri mpaka wakati wa kazi. Zikijaa pande zote mbili alizigawa, na hapo jengoni kwetu hakuna daftari la shule ambalo halikufunikwa kwa hesabu zake. Mimi mwenyewe nilimfunikia mdogo wangu kitabu cha Jiografia kwa karatasi ambayo leo ningeiwekea fremu.

Sasa niseme alichokiandika, maana ndicho kisa chenyewe.

Mteja wetu mkubwa alikuwa kiwanda cha mikate. Kila alasiri walituletea makadirio: unga uliopo, hamira, matanuri yanayofanya kazi, magari mazima, na mikate ambayo kila duka limeomba. Mashine ilitoa mpango wa kesho. Shida ni kwamba tanuri moja likiharibika saa kumi, mpango wote uliharibika, na ilibidi kila hesabu ifanywe upya toka mwanzo. Mara nyingi muda haukutosha. Ndiyo maana kuna asubuhi ulikwenda dukani Shauri Moyo ukakuta rafu tupu, na kule mtaa wa Umoja mkate umelala mpaka unaota ukungu.

Siku moja akaja muuzaji na kompyuta ndogo ya mezani. Kwenye kioo chake kulikuwa na miraba, na kila mraba una namba. Akabadilisha namba moja tu, na nyingine zote zilizoihusu zikajibadilisha zenyewe. Mkurugenzi alipiga makofi. Lakini kile kidude hakikuweza kubeba hata robo ya mikate ya Nairobi, na muuzaji alipoulizwa akaanza kukohoa. Programa alisimama nyuma, mikono kifuani, akatazama mara moja. Tulipotoka akaniambia, "Ule ni mtaa tu, Akinyi. Kila nyumba inajua nyumba gani inaitegemea."

Akaamua kuujenga mtaa huo ndani ya mashine yetu kubwa. Hakutaka kuandika programu moja ya mikate. Alitaka maktaba, yaani hazina ya programu ambayo mwandishi mwingine yeyote ataazima, apange nyumba zake mwenyewe, za mikate au saruji au sabuni, na namba zifuatane zenyewe. Kila namba aliiita nyumba. Kila nyumba ilishika orodha ya nyumba zinazoisikiliza. Namba ikibadilika, nyumba ile inawaamsha wale walio kwenye orodha yake tu, nao wanawaamsha wao. Wengine wanaachwa walale.

Msidhani ilikuwa rahisi. Lugha tuliyotumia haikuzungumza na mashine papo kwa papo. Programu ilitafsiriwa kwanza yote, toka kadi ya kwanza hadi ya mwisho, kuwa lugha ya mashine, ndipo iendeshwe, na zamu yetu ya kutafsiri ilikuja mara mbili kwa siku. Ukisahau nukta mkato asubuhi, utaambiwa alasiri. Tena lugha ile ilikuwa na ukaidi wake: kwenye kompyuta ndogo unaandika kanuni ndani ya mraba, lakini kwetu nyumba iliruhusiwa kubeba namba tu, kanuni ilikatazwa. Programa alilizunguka hilo wiki nzima bila kumsemesha mkewe. Kisha akazipa kanuni zote namba, akaziweka kwenye orodha moja ndefu, na kila nyumba ikapewa namba ya kanuni yake. Nyumba ikiamka, inaangalia namba, inaenda kuitafuta kanuni yake kwenye orodha. Aliponieleza alicheka mpaka akatoa kofia.

Kwa makosa ya kazi alikuwa mkali ajabu. Nilimpigia kadi yenye tundu moja la ziada akanirudishia mbele ya wasichana wote, akaniuliza kama nataka Mathare nzima ilale njaa kwa tundu langu. Nililia chooni. Jioni nikamkuta mlangoni kwetu na bakuli la mahamri, hakuomba msamaha, akauliza tu kama mama yupo.

Ujumbe wa makosa aliuandika kwa Kiswahili, kwa ajili yetu wasichana wa kadi, maana Kiingereza cha mashine kilikuwa kinatupoteza sisi na wasimamizi wa kiwanda pia. Mtu akipanga magari yangoje matanuri, na matanuri yangoje magari, hesabu ingezunguka milele. Hapo mashine yake ilisimama ikachapa: NYUMBA 9 NA NYUMBA 14 ZANGOJANA. AMUA NANI AANZE. Naukumbuka kwa sababu niliupiga mimi.

Na sasa lile linaloniuma. Ofisini tulikuwa na sheria kwamba kadi ya kwanza ya kila programu inabeba jina la mwandishi. Yake aliniambia nipige IMEANDIKWA NA, kisha niache nafasi. Nikauliza jina. Akasema hajamaliza, na mtu huweka jina akimaliza. Mwezi wa kwanza nikaelewa. Mwezi wa sita nikamwambia, Mzee, weka jina bwana, hii dunia ina watu. Akasema kuna jambo halijakaa sawa. Siku zote kulikuwa na jambo! Mtu aliyepigania kila nukta mkato hakuona haja ya kupigania mstari mmoja wa jina lake, na mpaka leo sijui nimkasirikie nani kwanza, wao au yeye.

Ni kweli lakini kwamba jambo lilikuwepo. Siku moja tanuri lilikufa alasiri, namba ikabadilishwa, na asubuhi yake magari mawili yakapeleka mikate Umoja, Shauri Moyo halikuja hata moja. Nyumba ya magari ilikuwa imeamshwa mapema mno. Ilisikia habari mpya za matanuri lakini habari za maduka ilizokuwa nazo zilikuwa bado za zamani, ikapiga hesabu kwa nusu na nusu, ikatoa jibu. Baadaye ilijirekebisha, lakini karatasi ya madereva ilikuwa imeshachapwa. Asubuhi hiyo Programa hakuenda kazini. Alizunguka duka kwa duka, kofia mkononi, akiomba radhi kwa watu ambao hawakujua hata kwamba mikate inapangwa na mashine. Mwenye duka mmoja alidhani ameingia wazimu, akampa maji.

Dawa yake ilitoka msibani. Dada yake mkewe alilazwa, akafariki siku ileile, na mtu mmoja mwenye haraka akamkimbilia mkewe kwenye mfereji wa kuchotea maji akamwambia dada yako kalazwa. Habari ya kifo ilikuwa nyuma yake, inakuja kwa njia nyingine. Mama wa watu akarudi ndani, akapika uji, akaufunga kwenye chupa ya chai, akatoka nao kumpelekea maiti. Nilikutana naye ngazini na chupa ile. Mimi nilikuwa nimeshajua, na sikuweza kusema.

Kwao kulikuwa na desturi, na ilivunjwa: habari nzito haitamkwi mpaka wote inaowahusu wamefika na kuketi, ili anayeumia awe na wa kumshika, na habari iwe nzima. Baada ya matanga mkewe alimwambia mbele yetu, kwa sauti ya chini, "Mngengoja wote wafike. Mlinipa habari nusu, nikapika uji." Programa aliinamisha kichwa. Wiki iliyofuata akaniletea karatasi mpya. Sasa kila nyumba ilihesabu kwanza wangapi inaowangoja, na haikufungua mdomo mpaka wa mwisho wao afike. Mikate haikupotea njia tena. Kile Mshauri alichokiita kwenye ripoti yake mbinu yake ya kitaalamu kilitoka kwenye chupa ya uji wa mama yule.

Ndiyo, Mshauri. Aliletwa na mkurugenzi wakati kampuni ilipotaka kuwauzia wengine mfumo huo. Suti ya kijivu, viatu vya kung'aa, Kiswahili hajui hata cha kuomba maji. Alikaa na masanduku ya kadi za Programa wiki tatu, akamwuliza maswali mazuri, na Programa, mshamba wa mambo hayo, akamjibu yote, akamchorea mishale, akamletea mahamri. Kisha mkurugenzi akaniita, akanipa karatasi yenye jina la Mshauri, akaniambia kadi ya kwanza ina kasoro, nipige nyingine.

Nikapiga. Nilikuwa na mama na wadogo wanne, na hiyo ndiyo sababu yangu, lakini nikiisikia ninavyoisema naona aibu. Herufi kwa herufi, IMEANDIKWA NA, na jina la mtu ambaye hakuandika hata nukta. Kadi ya zamani niliambiwa niitupe. Niliiweka ndani ya kitabu changu cha nyimbo za kanisani.

Siku ya kuwaonyesha wateja walikuja wakubwa wa kiwanda, na pamoja nao mama mmoja msimamizi wa zamu, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Mshauri akaeleza, mkurugenzi akaitikia kwa kichwa. Yule mama akaomba ajaribu, akataka matanuri yangoje magari na magari yangoje matanuri, aone itakuwaje. Mashine ikanyamaza kidogo, kisha ikachapa. Mama akaivuta karatasi, akaisoma kwa sauti: nyumba tisa na nyumba kumi na nne zangojana, amua nani aanze. Akacheka mpaka akashika mbavu. Akauliza nani aliifundisha kuongea hivyo, maana huyu bwana hata kusema habari gani hajui.

Mshauri alipotafsiriwa swali alisema wafanyakazi wa hapa walisaidia kutafsiri. Kutafsiri!

Programa alikuwa amesimama karibu na mashine ya kuchapa. Hakumtazama mkurugenzi wala Mshauri. Alinitazama mimi. Chumba kizima kilikuwa kinangoja, na kadi ilikuwa ndani ya kitabu cha nyimbo, mkobani mwangu, miguuni pangu. Nilitazama viatu vyangu. Mkurugenzi akakaribisha watu kwenye soda.

Haikupita mwezi Programa akapewa barua. Mfumo una mtaalamu wake, ilisema, na nafasi yake haihitajiki. Mtaani watu waliamua wenyewe sababu: Programa ameharibu mashine, si mnakumbuka ile mikate? Hakumsahihisha mtu. Mkewe alipofariki alihamia Umoja kwa binti yake Fatuma, na mimi nikaacha kupita njia ile hata nilipokuwa na shughuli huko. Nao mfumo ukauzwa kwa viwanda vingine, ukiwa na jina la mtu mwingine mbele na maneno ya Programa yakichapwa kila wiki ndani, kwa sababu hakuna aliyejua jinsi ya kuyatoa.

Nilimwendea baada ya miaka sita. Sitaki kusema nilisukumwa na nini. Nilikuwa kanisani, nikafungua wimbo, kadi ikanidondokea mapajani mbele ya watu. Jumamosi iliyofuata nikavuka barabara ya Outer Ring kwa miguu na kadi ndani ya bahasha.

Nilimkuta sebuleni, amekonda, mikono inatetemeka. Ukutani alikuwa amebandika karatasi pana ya mistari ya kijani, sijui aliitoa wapi, yenye miraba na mishale: zamu za maji za nyumba zote zilizouzunguka uwanja ule, nani afungue bomba baada ya nani. Nikamwamkia. Akaitikia, kisha akaniuliza, "Nani anakungoja?"

Nikamwambia hakuna. Akasema kaa.

Nikaitoa kadi nikamwekea mkononi. Aliigeuza dirishani, akasoma matundu kwa kidole kama alivyozoea, IMEANDIKWA NA, kikafika kwenye nafasi tupu kikasimama. Nikamwambia nimekuja aweke jina lake, na kwamba ile nyingine niliipiga mimi.

"Najua uliipiga wewe," akasema. "Nani mwingine angeipiga bila kosa? Jina sikulitaka, Akinyi. Nilitaka mtu aseme. Siku ile mimi nilikungoja wewe."

Nililia, sitaficha. Aliniacha nilie, kama nilivyolia kule chooni zamani, isipokuwa safari hii hakukuwa na mahamri. Nilipopata sauti nikaanza kusema, nikitaka niseme yote palepale, niyamalize. Akainua mkono.

"Ngoja. Fatuma yuko dukani, mumewe anaoga. Habari nusu hapana."

Basi nikangoja. Nilikaa na maneno yale mdomoni zaidi ya nusu saa, nikitazama mishale ya maji ukutani. Mkwewe akatoka bafuni, akanisalimia, akaambiwa aketi. Akaketi, hajui kwa nini. Fatuma akaingia na mkate na paketi ya maziwa, akaambiwa naye aketi, akaketi na mkate wake magotini, uso umeshaanza kubadilika, maana kwao mtu akiambiwa aketi hivyo huwa kuna aliyekufa. Programa akatutazama mmoja mmoja, akahesabu kwa kidole.

"Haya," akaniambia. "Sema."

Nikasema, "Mfumo wa mikate aliuandika baba yenu, wote, toka kadi ya pili mpaka ya mwisho. Jina la mtu mwingine nililipiga mimi kwa mikono hii. Na siku ilipoulizwa nani kaandika, nilikuwa najua, nikanyamaza."

Kisha Fatuma akamgeukia baba yake. "Baba, sisi tumekuwa tukiwaambia watu uliharibu mashine. Hata wajukuu zako mimi nimewaambia hivyo."

"Nilisikia," akasema Programa.

Fatuma akaushika mkono wake akaukumbatia pamoja na mkate, na kwa muda hatukujua nani anamshika nani. Mkwewe akasimama, akaketi tena. Mimi nilikaa kwenye kiti changu, kwa sababu sikuwa na haki ya kumshika mtu yeyote mle ndani.

Baadaye mzee akajitoa taratibu, akapapasa juu ya sikio lake. Penseli ilikuwapo.

"Nipe ile kadi," akasema. "Nadhani nimemaliza."

Alikataa kusaidiwa, akaandika majina yake yote matatu kwenye ile nafasi. Hapa siyaandiki, maana mimi nilishapoteza zamu yangu ya kuyataja. Kadi anayo Fatuma. Anayetaka kujua ni nani aende Umoja akamwulize, naye atamtajia kwa sauti, hata kama uwanja mzima unasikia.